Kutoka "Wao" hadi "Mimi": Utu na Uanaume katika Historia ya Kanisa la Weusi wa Marekani

Utangulizi

Tarehe 28 Machi 1968 wazoa taka wa mji wa Memphis, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, walitoka katika kanisa liitwalo Clayborn Temple wakiandamana. Wengi wao walibeba mabango yaliyofanana, yenye maneno machache tu ya Kiingereza. Mfasiri wa Kiswahili akiyakuta maneno hayo hana budi kusita, kwa sababu neno "man" lililochapwa katika mabango yale lina maana mbili. Laweza kuwa mtu, yaani mwanadamu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Tena laweza kuwa mwanamume. Kiswahili hakituruhusu kuyasema yote mawili kwa neno moja. Ama tuandike "Mimi ni mtu", ama tuandike "Mimi ni mwanamume".

Wale waandamanaji hawakulazimika kuchagua. Wao walidai yote mawili pamoja, kwa kuwa walikuwa wamenyimwa yote mawili pamoja. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba utu na uanaume vilifungwa pamoja na dhuluma ya utumwa. Kwamba kifungo hicho kiliwapa wanaume Weusi nguvu ya kudai haki, lakini kiliwapunguzia nafasi ya kukiri maumivu yao. Na kwamba Kanisa limepata kuwa mahali pa kuyasema maumivu hayo, na pia limepata kuwa mahali pa kuyanyamazisha. Shahidi wetu mkuu ni mtu aliyesomea theolojia katika chuo cha Kilutheri.

Swali lililoulizwa kwa magoti

Mwaka 1787 Josiah Wedgwood, mfinyanzi maarufu wa Uingereza, alitoa nishani ndogo ya kupinga biashara ya utumwa. Juu yake ilichorwa sura ya Mwafrika aliyefungwa minyororo, amepiga goti, anauliza kama yeye si mtu na ndugu. Nishani ile ilienea sana, na hatuna shaka kwamba iliwaamsha wengi. Hata hivyo tuitazame kwa makini. Aliyetendewa uovu ndiye anayeulizia utu wake. Aliyeutenda uovu hapigi goti wala haulizwi kitu.

Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa huko Maryland, alikataa kupiga goti hilo. Katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka 1845 anaeleza jinsi alivyopigana mwaka 1834 na Edward Covey, mtu aliyekodishiwa vijana watumwa ili awavunje moyo. Douglass alihesabu siku ile kuwa ndiyo siku aliyorudishiwa uanaume wake. Nani atakayemlaumu? Lakini kama utu wa mwanamume huthibitishwa kwa kutoshindwa, basi aliyeshindwa atasema nini? Na mwanamke je? Mwaka 1851, katika mkutano wa haki za wanawake huko Akron, Ohio, Sojourner Truth, naye aliyezaliwa mtumwa, alisimama kutoa ushahidi wa kazi nzito ya mikono yake. Ushahidi huo ulidhihirisha kwamba mateso ya utumwa hayakuwa ya wanaume peke yao.

Utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1865, lakini desturi ya kumwita mwanamume mzima "mvulana" ilibaki katika miji na mashamba ya kusini mwa Marekani. Jambo hili si geni kwetu. Katika Tanganyika na Kenya ya wakoloni mtumishi wa nyumbani aliitwa "boi", hata akiwa baba mwenye wajukuu, na neno hilo limeingia katika kamusi zetu likakaa humo kama neno la kawaida. Kwa hiyo tunaposoma habari za Memphis hatusomi habari za wageni.

Daniel Payne: shule iliyofungwa na sala iliyokwama

Daniel Alexander Payne alizaliwa mwaka 1811 katika mji wa Charleston, South Carolina, kwa wazazi Weusi waliokuwa huru. Alipokuwa na umri wa miaka 18 alifungua shule ya watoto Weusi, akawafundisha yale ambayo mengi yake alijifunza mwenyewe kwa taabu. Shule ilistawi. Ndipo bunge la jimbo lilipopitisha sheria mwaka 1834 ya kukataza shule za namna hiyo, nayo ikaanza kutumika Aprili 1835. Payne alifunga milango, akaaga wanafunzi wake, akasafiri kwenda kaskazini.

Huko alipokelewa katika chuo cha theolojia cha Kilutheri cha Gettysburg, Pennsylvania, kilichoongozwa na Samuel Simon Schmucker. Ugonjwa wa macho ulimkatiza masomo. Mwaka 1839 alibarikiwa kuwa mchungaji na Sinodi ya Franckean katika jimbo la New York, sinodi ndogo ya Kilutheri iliyoanzishwa miaka miwili kabla na iliyoupinga utumwa waziwazi. Mbele ya sinodi hiyo Payne alitoa hotuba ambayo kila mwanafunzi wa theolojia angefaa kuijua. Hoja yake ilikuwa kwamba utumwa ni uovu kwa sababu humtumikisha mtu, awe wa rangi yoyote, na kumfanya aliyeumbwa na Mungu awe kama mnyama. Alikwenda mbali zaidi. Alieleza kwamba watumwa huwaona mabwana zao wakisali siku ya Bwana huku wakiwadhulumu, hata wengine huidharau dini na kuutilia shaka wema wa Mungu, hata kuwapo kwake. Alisema ameyasikia hayo kwa masikio yake.

Hakudumu miongoni mwa Walutheri. Baada ya miaka michache alijiunga na Kanisa la Kiaskofu la Kimethodisti la Kiafrika, lililoundwa Philadelphia mwaka 1816 chini ya Richard Allen. Mwaka 1852 alichaguliwa kuwa askofu, na kuanzia mwaka 1863 aliongoza Chuo Kikuu cha Wilberforce huko Ohio. Alifariki mwaka 1893.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Mwaka 1888, akiwa mzee wa miaka 77, Payne alitoa kitabu cha kumbukumbu zake. Humo anasimulia tena habari za shule yake ya Charleston, lakini safari hii anaongeza lile ambalo hotuba ya 1839 haikulitaja. Anakiri kwamba sheria ile ilipopitishwa, yeye mwenyewe alianza kuuliza kama Mungu yupo, na kama yupo, kama ni wa haki. Anakiri hata hasira ya kuwatakia mabaya waliotunga sheria. Kisha anasimulia jinsi neno la kumngojea Bwana, ambaye kwake siku moja ni kama miaka elfu, lilivyomjia na kumtuliza.

Mwaka 1839 alisema "wao". Mwaka 1888 alisema "mimi". Kati ya maneno hayo mawili pana karibu miaka 50. Hatumhukumu. Kijana Mweusi aliyesimama mbele ya sinodi ya wazungu alijua kwamba udhaifu wake ungehesabiwa kuwa udhaifu wa watu wake wote. Alilazimika kuwa imara kwa niaba ya wengi. Lakini tunajiuliza ni wachungaji vijana wangapi Weusi walioshindana na mashaka yao kimya kimya katika miaka hiyo, wakidhani kwamba askofu wao hajawahi kuyajua.

Utaratibu na machozi

Kitabu hicho hicho kina habari nyingine inayotuhusu. Askofu Payne alipenda ibada yenye utaratibu, mafundisho na uimbaji uliofundishwa. Alipofika katika mkutano wa maombi uliofanyika porini na kuwakuta waumini wakizunguka katika duara, wakipiga makofi na miguu na kuimba, alimtaka mchungaji wao awaamuru waache. Waliacha kuzunguka, lakini wakabaki wakiimba na kuyumba. Kiongozi mmoja alimweleza kwamba bila duara wenye dhambi hawaongoki.

Payne aliona aibu. Aliamini kwamba watu walioitwa wanyama hawana budi kuonyesha ulimwengu adabu na elimu. Sababu yake tunaielewa. Hata hivyo duara lile lilikuwa pia mahali ambapo mwanamume aliyetwezwa shambani tangu alfajiri aliweza kulia mbele ya ndugu zake bila kuchekwa. Askofu aliyetaka kuulinda utu wa watu wake aligusa bila kujua mahali walipoutibia. Sisi Walutheri, ambao tumepata kuzozana sana kuhusu uamsho na utulivu wa ibada, tuisome habari hii polepole.

Memphis na baada ya Memphis

Turudi sasa Memphis. Tarehe 1 Februari 1968 wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga na mvua nyuma ya gari la taka, na mtambo wake ukawaponda wakafa. Tarehe 12 Februari wafanyakazi wapatao 1,300 waligoma. Meya Henry Loeb alikataa kukitambua chama chao. Mchungaji James Lawson wa Kanisa la Methodisti aliongoza kamati ya viongozi wa dini na wananchi iliyowaunga mkono. Na kanisa la Clayborn Temple walimokusanyikia lilikuwa mali ya Kanisa lile lile ambalo Payne alikuwa askofu wake. Swali lililoulizwa kwa magoti mwaka 1787 sasa lilikuwa tamko la watu waliosimama. Martin Luther King, aliyekuja kuwaunga mkono, aliuawa mjini humo tarehe 4 Aprili. Siku 12 baadaye mji ulikubali kukitambua chama na kuongeza mishahara.

Ushindi ule ulikuwa wa kweli. Lakini yapo majeraha ambayo bango haliwezi kuyaeleza. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 600 katika wilaya ya Macon, Alabama, ambao 399 kati yao walikuwa na kaswende. Waliachwa bila tiba, hata baada ya penisilini kujulikana kuwa dawa yake. Serikali iliomba radhi mwaka 1997. Mtu akijiuliza kwa nini baba wa Kimarekani Mweusi husita kumweleza daktari yanayomsumbua, historia hiyo imeweka jibu moja wazi.

Tarehe 16 Oktoba 1995 mamia ya maelfu ya wanaume Weusi walikusanyika mjini Washington kwa wito wa Louis Farrakhan, kiongozi wa Taifa la Kiislamu. Siku hiyo iliitwa siku ya toba. Wanaume walikiri hadharani makosa yao kwa wake na watoto wao, na wengi walilia. Wakristo wengi walihudhuria ingawa hawakukubaliana na mafundisho ya aliyewaita. Wanawake walitakiwa wabaki nyumbani, na baadhi yao, miongoni mwao Angela Davis, waliukosoa mpango huo. Tunaona kifungo kile cha zamani kikilegea upande mmoja na kubana upande mwingine: wanaume wamepata mahali pa kusema "mimi", lakini utu bado unajadiliwa kana kwamba ni jambo la wanaume. Kanisa la Payne lenyewe lilimchagua mwanamke wa kwanza kuwa askofu mwaka 2000, naye ni Vashti McKenzie.

Wajibu wetu

Katika huduma ya usharika tumepata kumzika mzee wa kanisa ambaye kila alipoulizwa hali alijibu kwamba anamshukuru Mungu. Baada ya mazishi mjane wake alitueleza kwamba kwa miezi mingi mumewe hakupata usingizi, alikaa kitandani gizani, na alimkataza kumwambia mtu yeyote, hasa mchungaji. Neno hilo, "hasa mchungaji", hatujalisahau. Tulikuwa tumemfundisha mengi juu ya imani imara. Hatukumfundisha kwamba Luther mwenyewe alilemewa na huzuni kubwa mwaka 1527, akawaandikia rafiki zake akiomba wamwombee.

Kiswahili kimetupa neema ambayo Kiingereza hakikuwapa watu wa Memphis: kimetenganisha mtu na mwanamume. Mtu ni mtu kabla hajawa shujaa, na hubaki mtu baada ya kushindwa. Bwana wetu alilia kaburini kwa Lazaro, akawaambia wanafunzi wake huko Gethsemane kwamba roho yake ina huzuni nyingi. Pilato alipomleta mbele ya makutano, amepigwa na kuvikwa taji ya miiba, alimtangaza kuwa ni mtu. Naye alisema kweli kuliko alivyojua. Theolojia ya msalaba hutufundisha kuliita kila jambo kwa jina lake, na maumivu ni mojawapo ya mambo hayo.

Tunayo nyenzo mikononi. Ungamo la Augsburg, katika Kifungu cha 11, lilikataa kufuta maungamo ya faragha. Katika sharika zetu nyingi maungamo hayo yamesahauliwa, na vikao vya wanaume vimekuwa vya kupanga michango na ujenzi. Vyaweza kuwa zaidi ya hapo. Lakini havitakuwa iwapo mchungaji hatatangulia. Hata sisi tunaoandika makala haya tumezoea kukaa ndani ya neno "sisi", ambalo ni zuri kwa kufundishia na salama kwa kujifichia. Payne alisubiri karibu miaka 50. Mwanafunzi anayetoka chuoni mwaka huu kwenda usharikani asingoje hivyo, kwa maana katika benchi la nyuma yupo mwanamume anayesikiliza kama mchungaji wake amewahi kujua giza.