Wakati wa kitenzi ulipofunga ndoa Uskoti

Je, wakati wa kitenzi unaweza kufunga ndoa? Katika sheria ya zamani ya Uskoti, naam. Mume na mke waliokubaliana kwa hiari, "Nakuoa", "Nami naolewa nawe", walikuwa wameoana papo hapo, bila kasisi wala cheti. Wakisema "tutaoana", hiyo ni ahadi tu. Iligeuka ndoa iwapo walilala pamoja kwa kuiamini. Utaratibu huu ulifutwa mwaka wa 1940.

Hapo ndipo watafutaji wa nasaba hukwama. Hawaioni ndoa katika daftari la parokia, basi wanakata kauli kwamba nyanya yao alizaa nje ya ndoa. Jamani, pole pole! Kabla ya serikali kuanza kusajili ndoa mwaka wa 1855, madaftari mengi yaliandika tangazo tu, si ndoa yenyewe. Isitoshe, waliooana kwa kauli mara nyingi waliitwa mbele ya baraza la wazee wa kanisa, wakakaripiwa, pengine wakatozwa faini. Kumbukumbu za baraza hilo ndizo za kupekuliwa. Kimya cha daftari si ushahidi kwamba neno halikutamkwa.