Neno na Mahali Pake: Hoja Juu ya Kukusanya Hekima za Waswahili

Wako wenzetu, na nia zao hatuzitilii shaka, wasemao kwamba wakati umewadia wa kukusanya kitabuni maneno mema ya wazee wetu, yaani yale yenye kujenga na kutia moyo, na kuyaacha yenye ukali, kejeli na tuhuma yazikwe pamoja na waliokuwa wakiyasema. Hoja yao ni kwamba kijana wa leo, asiye na babu wa kumkalisha barazani wala bibi wa kumsimulia hadithi jioni, ahitaji akiba ya nasaha safi kama ahitajivyo maji safi. Makala haya yanaikubali nusu ya kwanza ya kauli hiyo na kuikataa ya pili. Hekima na ikusanywe. Lakini isichujwe kwa chujio la wema, maadamu wema wa methali ya Kiswahili, kwa kadiri nionavyo, haukai ndani ya maneno yake, bali hukaa katika kinywa kilichoyanena, sikio lililoyapokea, na saa ile yaliponenwa.

Juu ya faida ya kukusanya hapana ugomvi, kwa hiyo sitakawia hapo. W. E. Taylor, mmisionari aliyeishi Mombasa, alichapisha mkusanyo wake wa methali mwaka 1891, S. S. Farsi akatoa misemo ya Unguja mwaka 1958; Albert Scheven akakusanya methali zaidi ya 2,000 katika kitabu cha mwaka 1981; na Kitula King'ei na Ahmed Ndalu wakatutungia kamusi ya methali mwaka 1989. Wote hao wana haki ya shukrani zetu. Ugomvi waanza tunapouliza: aliyekusanya neno amekusanya nini hasa? Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya fasihi simulizi ya Afrika, alionya kwamba methali haifahamiki ipasavyo ikitengwa na tukio lake. Kwesi Yankah, mwaka 1989, akaichunguza methali ya Waakan kama tendo la msemaji mbele ya watu, wala si kama sentensi iliyokaushwa. Onyo hilo limesomwa sana vyuoni, na vyuoni humo humo likaachwa, kwani watungao vitabu vya hekima teule bado huziokota methali kama mtu aokotaye kauri ufukoni: gamba likapambwa rafuni, na kiumbe kilichokuwa kikiishi ndani yake kisikumbukwe.

Atakaye kuchuja na ajaribu kwanza kwa methali ambazo kila mtoto azijua. "Haraka haraka haina baraka," hunena mmoja, na mwenziwe humjibu, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Ipi njema kati ya mbili hizo? Bila shaka atazihifadhi zote, aseme kwamba kila moja ina wakati wake; na akisema hivyo ameshakiri hoja yangu kabla sijaitoa. Tutazame basi habari ya wageni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone" husemwa mlangoni, na chujio litaipitisha kwa furaha. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" husemwa jikoni, na chujio litaizuia kwa kuwa yanuka uchoyo. Walakini yuko mzee atakayemkabidhi mgeni jembe kwa tabasamu, akimaanisha kwamba tangu leo wewe si mgeni tena, u mtu wa nyumba hii, na shamba letu ni lako. Na yuko mke atakayemwambia mumewe maneno yale yale juu ya shemeji aliyekula mwezi mzima bila kuinua hata ndoo. Neno ni moja. La kwanza ni karama, la pili ni mashtaka, na hapana herufi itakayotuonyesha tofauti yake.

Lakini dalili nitakayoitegemea zaidi si ya kinywani, ni ya nguoni. Kanga, ambayo wenzetu wa Mombasa huiita leso, jina lililotokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkono, huuzwa kwa doti ya vipande viwili, na kila kipande kina pindo lake, mji wake, yaani uwanja wa katikati, na juu ya pindo la chini maneno ambayo wauzaji na wanunuzi huyaita jina. Majina hayo yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa za Kirumi. Hapana kitabu cha hekima cha Waswahili kilichosomwa na watu wengi zaidi ya nguo hiyo, wala hapana kilichotungwa kwa kuchaguliwa hivyo, kwa kuwa mwanamke hanunui rangi peke yake; huuliza jina, akalipima, akajua atalivaa siku gani na litasomwa na nani.

Nilipojaribu mwenyewe kuyagawa majina ya kanga zilizokuwamo sandukuni mwa marehemu mama yangu, fungu moja la maneno mema na fungu la pili la maneno ya kijembe, nilidhani kazi ni ya saa moja. Nalimwita mama mdogo, aliyezijua nguo zile kama nijuavyo mimi vitabu vyangu, ili anithibitishie tu. Katika mema nilikuwa nimeweka "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu", kwani ni tawakali isiyo na lawama. Mama mdogo akacheka. "Hiyo, mwanangu, aliivaa siku wifi yake alipokuja kupanga mambo ya nyumba isiyo yake. Alimwambia: hata wewe hushiki usukani." Katika vijembe nilikuwa nimeweka "Kikulacho ki nguoni mwako", nikiona ni tuhuma tupu. Akaikunjua, akaipitisha mkono kwa utaratibu, akanena, "Hii alipewa na bibi yako usiku wa kuamkia ndoa. Huo ulikuwa wasia wake, kwamba siri za chumbani asizitoe hata kwa shoga." Na "Wema hauozi", niliyoitia katika mema bila kufikiri, ilikuwa zawadi mara moja na dai la deni mara nyingine, kipande kimoja kilikuwa cha shukrani, na doti iliyonunuliwa baadaye kwa jina lile lile ilivaliwa katika harusi ya mtu aliyewahi kusaidiwa akasahau. Tulipomaliza, mafungu yangu mawili hayakuwapo tena. Palikuwa na rundo moja la nguo, na habari za maisha ya mtu.

Rose Marie Beck, aliyeitafiti kanga kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba nguvu yake ni utata wake: aliyevaa husema bila kusema, na akiulizwa aweza kukana, akadai kwamba alipenda maua tu. Nami naongeza kwamba utata huo si kasoro ya nguo, ni tabia ya hekima yenyewe. Jamii iliyoishi msongamano wa mitaa ya mji wa kale, ambamo ukuta wa jirani ni ukuta wako na tusi la wazi laweza kuvunja udugu wa vizazi, ilihitaji maneno yawezayo kuonya pasipo kufedhehesha. Ukiyaondoa yenye makali umeondoa sababu iliyofanya yale laini yapendwe.

Yapo majibu. La kwanza ni kwamba kanga ni jambo moja na methali ya kinywa ni jingine, kwa kuwa mnenaji huonekana uso na sauti yake husikika. Ni kweli, lakini hiyo ni sababu ya kuandika uso na sauti, wala si sababu ya kuvipuuza. La pili ni la watoto, kwamba tusiwape maneno ya uchungu wangali wadogo. Hapo wazee walikwisha kutujibu: "Mchelea mwana kulia hulia yeye." La tatu ndilo zito, nalo ni kwamba yapo maneno yanayomdunisha mwanamke, au mlemavu, au aliyekuwa mtumwa. Siyatetei. Nasema tu kwamba yaandikwe pamoja na habari ya nani alikuwa na nguvu ya kuyasema na nani alilazimika kuyanyamazia, kwani tukiyafuta tutawarithisha wajukuu wetu mababu walio malaika, na malaika hawana la kumfundisha mwanadamu juu ya kukosa na kujirudi.

Yamkini hoja yangu haizihusu methali za kila taifa kwa kadiri moja. Lakini kwa Waswahili nathubutu kusema kwamba hapana neno jema wala baya, yapo maneno yaliyopata mahali pake na yaliyopakosa. Kwa hiyo akusanyaye na asiandike sentensi peke yake. Na aandike nani alimwambia nani, kwa umri na ujamaa wao hata kama majina yao yatasitiriwa. Palikuwa na jambo gani. Na aliyeambiwa alijibu nini, kwa maneno au kwa kimya. Karatasi itakuwa nzito zaidi na kitabu kitakuwa na methali chache zaidi, nami nayaona hayo kuwa faida.

Ewe msomaji uliye na sanduku la mama yako nyumbani, lifungue mwaka huu, angali yupo mtu wa kumwuliza.