Mkanda wa Picha Umerudi



Vijana wa kidato cha tatu wameniuliza kwa nini kamera za mkanda, ambazo sisi tuliziacha kwa furaha, zinatafutwa tena huko Ulaya na Marekani. Jibu lake linatugusa hata sisi wa Mvumi.

Mwaka 2012 kampuni ya Kodak, ikiwa imelemewa na madeni, iliomba ulinzi wa mahakama, na mwaka huohuo ikaacha kutengeneza mkanda wa Ektachrome. Wengi tulidhani hayo ndiyo mazishi. Lakini mwaka 2018 Ektachrome ilirudi madukani, na mwaka 2024 ikatoka kamera mpya kabisa ya mkanda, Pentax 17. Wanaoipenda ni vijana waliokulia kwenye simu. Wamechoshwa na maelfu ya picha zisizotazamwa. Mkanda wa kawaida una picha 36 tu, hivyo mtu hufikiri kabla ya kubonyeza, kisha hungoja usafishwe. Sisi tulingoja kwa kukosa namna. Wao wanangoja kwa kupenda!

Mimi naona sababu nzito zaidi ni negativu. Mwanga hugusa chumvi za fedha zilizopakwa kwenye mkanda, na ukishasafishwa hubaki kitu cha kushikika, kisichotaka umeme wala nywila. Unguja wanalijua hili. Studio ya Capital Art, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilitunza negativu zake, na mwanawe Rohit akaendelea kuchapa picha kutokana nazo. Masultani wamo, na watu wa mitaani wamo.

Kwetu Kilosa hatukuwa na bahati hiyo. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalibomoa nyumba na kuharibu reli ya kati, na sanduku la picha halijui kukimbia maji. Zilizosalia ziko chini ya vitanda vyetu, nazo zinazeeka kama sisi.

Kwa hiyo mwenye negativu za siku zetu za shule azinuse. Zikitoa harufu ya siki, zimeanza kuoza. Asizifungie kwenye mfuko wa plastiki. Azifunge kwa karatasi safi, aziweke pakavu mbali na joto, na aje nazo kwenye mkutano wetu. Vijana wataziweka mbele ya mwanga na kuzipiga picha kwa simu zao, na nyuma ya kila bahasha tutaandika majina tungali tunayakumbuka.