Kujitolea Hakufuti Deni: Kutoka Mbagala hadi Mabwepande

Tarehe 9 Desemba 2011 Tanzania Bara iliadhimisha miaka 50 ya Uhuru. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 20, mvua ilianza kulinyeshea Jiji la Dar es Salaam kwa kiasi ambacho Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema hakikuwahi kuonekana tangu mwaka 1954. Bonde la Mto Msimbazi likafurika. Jangwani, Kigogo, Magomeni Suna na Hananasif zikawa ziwa, na watu wakakaa juu ya mapaa wakisubiri kuokolewa. Zaidi ya 40 walipoteza maisha. Maelfu walihifadhiwa katika madarasa ya shule, na mwanzoni mwa mwaka 2012 Serikali ikaanza kuwahamishia Mabwepande, pembezoni mwa Kinondoni, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji.

Waliofika Mabwepande baada ya malori ya Serikali na mahema ya Msalaba Mwekundu walikuwa watu wa kujitolea. Walikuja vijana wa makanisa, waumini wa misikiti, wafanyakazi wa kampuni na wanafunzi wa vyuo. Katika makala haya nawazungumzia zaidi vijana wa makanisa, kwa sababu safari zao zimekuwa jambo la kawaida kila maafa yanapotokea, na kwa sababu wanafunzi wangu wengi huenda katika safari hizo na hurudi na swali lile lile: je, tumesaidia kweli? Swali hilo halijibiki bila kurudi katika historia ya neno lenyewe, kujitolea, na ya deni ambalo neno hilo limekuwa likilifunika.

Tuanze na miaka ya mwanzo ya Uhuru. Chini ya kaulimbiu ya Uhuru na Kazi, wananchi walichimba visima, wakalima barabara, wakajenga madarasa na zahanati. Katika maeneo ya kaskazini mashariki kazi ya namna hiyo ilikuwa na jina lake la siku nyingi, msaragambo. Baragumu likilia, kila kaya hutoa mtu. Sitaki kuipamba historia hiyo. Kuna mahali ambapo asiyefika alitozwa faini, na hapo kujitolea kukawa kulazimishwa. Hata hivyo, msaragambo ulikuwa na sifa moja ambayo safari zetu za leo hazina: aliyebeba tofali ndiye aliyeishi na matokeo yake. Ukuta ukipinda, umepinda mbele ya macho yake kila siku.

Miaka hiyo ilitufundisha pia somo la pili, ambalo watumishi wa umma wa wakati ule walilijua vizuri. Wananchi walijenga zahanati na shule kwa kasi kuliko Serikali ilivyoweza kuzipatia waganga, walimu, dawa na vitabu. Majengo mengine yalisimama matupu. Nguvu ya mikono haikuwa imepungua. Kilichokosekana ni taasisi ya kuipokea nguvu hiyo na kuiendeleza baada ya siku ya ujenzi kupita.

Makanisa kwa upande wao yaliingia katika kazi ya dharura kwa njia ya taasisi. Mwaka 1964 Shirikisho la Kilutheri Duniani, pamoja na Jumuiya ya Kikristo nchini na Serikali, waliunda chombo kilichojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, TCRS, kuhudumia wakimbizi waliokuwa wakiingia kutoka nchi jirani. Kazi yake ilikuwa ya miaka na miaka: kupima mashamba, kuchimba visima, kufungua makazi. Mwaka 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, Mwalimu Nyerere alikwenda mbali zaidi. Alidai kwamba Kanisa likiishia kuwahurumia maskini bila kushiriki kuipinga mifumo inayowafanya wawe maskini, litaonekana kuwa mshirika wa dhuluma. Nadhani hoja hiyo inatuhusu sana tunapofika kwenye maafa ya jiji letu.

Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la Jeshi huko Mbagala, Temeke, lililipuka. Zaidi ya watu 20 walikufa, maelfu ya nyumba zikaharibika, na familia zikatawanyika siku hiyo bila kujua watoto wao wako wapi. Chini ya miaka miwili baadaye, tarehe 16 Februari 2011, yakatokea kama hayo Gongo la Mboto, na umati wa watu ukalala Uwanja wa Uhuru. Katika matukio yote mawili misaada ya hiari ilimiminika: unga, maharage, khanga, magodoro, maturubai. Lakini chanzo cha maafa hayo hakikuwa mawingu. Mabomu yalikuwa mali ya Dola, yamehifadhiwa na Dola, katikati ya makazi ya watu. Kwa hiyo kilichostahili kulipwa pale kilikuwa fidia, na fidia ni haki inayodaiwa. Msaada huombwa, nao hutolewa kwa hisani. Wakazi wa Mbagala walilalamikia uthamini wa nyumba zao na viwango vya malipo kwa miaka mingi, wakati magari ya misaada yalikuwa yameondoka ndani ya wiki chache. Aliyepokea godoro alikuwa bado anadai nyumba.

Mabwepande ilileta swali jingine, nalo ni la ardhi. Bonde la Msimbazi lilikuwa limetajwa kuwa eneo la hatari tangu Mpango Kabambe wa jiji wa mwaka 1979. Baadaye Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikatoa nafasi ya kutangaza maeneo ya hatari, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ikazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Kwa maandishi, hakuna aliyepaswa kuishi Jangwani. Kwa vitendo, watu walinunua viwanja huko mbele ya viongozi wa mtaa, wakaunganishiwa umeme, wakapiga kura, wakalipa kodi. Mafuriko yalipokuja, walio wengi walihesabiwa kuwa wavamizi na wahitaji kwa wakati mmoja.

Mapema mwaka 2012 nilifuatana na vijana wa kanisa moja la Kinondoni waliokwenda Mabwepande kwa siku ya Jumamosi. Walikuwa na ari, majembe na fulana mpya. Walichimba vyoo vya muda, wakasaidia kukaza mahema, wakagawa vyakula kwa kufuata safu za mahema bila kuuliza dini ya mtu, jambo ambalo liliwapa heshima kubwa, kwa maana wengi wa waliohamishwa walikuwa Waislamu. Mchana, mama mmoja wa makamo aliwaeleza kwamba yeye huko bondeni alikuwa mpangaji. Hema alikuwa amepewa, lakini jina lake halikuwa katika orodha ya viwanja. Vijana wakatazamana. Walikuwa tayari kumjengea, ila hakuwa na mahali pa kujengewa.

Katika msafara huo alikuwamo mzee mmoja wa kanisa, karani mstaafu. Hakuwa na nguvu ya kushika jembe. Aliomba daftari, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akamwamkia kila mkubwa wake na kuitikia shikamoo za wadogo, akaanza kuandika: jina, alikokuwa akiishi, alikuwa mwenye nyumba au mpangaji, anacho cheti au risiti gani, na nani anaweza kumshuhudia. Hadi jua linaelekea kuzama alikuwa amejaza kurasa nyingi. Nakala moja aliwaachia watu wenyewe, akiwasisitizia kwamba karatasi hiyo ni yao na kwamba waipeleke kwa pamoja, si mmoja mmoja. Sikufuatilia kila jina, na siwezi kudai kwamba daftari lile liligawa viwanja. Ninachojua ni kwamba siku ile ndilo lililokuwa jambo pekee ambalo watu walilipangia foleni bila kuitwa.

Suala la wapangaji Mabwepande halikuwa la mama yule peke yake. Malalamiko yao yalisikika hadharani. Baadhi ya waliopata viwanja nao waliviuza na kurejea bondeni, wakieleza kwamba riziki yao ilikuwa mjini: Kariakoo, Ilala, feri. Wengi tuliwalaumu. Lakini mama lishe anayetakiwa kulipa nauli ya kilomita 30 kwenda na kurudi ili auze sahani kumi za wali hahitaji mhadhara juu ya hatari ya mafuriko, kwani hesabu yake anaijua. Desemba 2015 bomoabomoa ilirudi Msimbazi, mafuriko yakarudi tena mwaka 2018, na mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo kwa ajili ya mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde hilo, safari hii ukiwa na utaratibu wa kuwahamisha wakazi kwa malipo. Kutoka Mpango Kabambe hadi malipo hayo ni zaidi ya miaka 40.

Tukitoka nje ya Dar es Salaam tunaona kwamba Dola yenyewe haijawa na jibu moja. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu wasiopungua 17. Michango ilikusanywa nchi nzima, makanisa yakiwa mstari wa mbele. Januari 2017 Rais Magufuli, akiwa Bukoba, alieleza kwamba Serikali haitamjengea kila mwananchi nyumba. Fedha zingeelekezwa katika miundombinu ya umma kama shule. Miaka saba baadaye, maporomoko ya Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023 yaliua zaidi ya watu 80 Katesh na vijiji jirani, na mara hii Serikali, ikishirikiana na Msalaba Mwekundu, iliwajengea waathirika nyumba huko Waret. Ni nchi moja na aina moja ya msiba, ila majibu mawili. Anayepoteza nyumba hajui kwa hakika anastahili nini mpaka atakaposikia hotuba.

Sheria zetu zimekuwa zikibadilika pia. Ile ya mwaka 1990 ilihusu uratibu wa misaada ya maafa. Ya mwaka 2015, na kisha ya mwaka 2022 iliyochukua nafasi yake, zikaitwa za usimamizi wa maafa. Mabadiliko hayo ya jina ni ya maana, kwa sababu usimamizi huanza kabla ya maji kufika mlangoni. Bado, kwa mtu wa Mbagala au Jangwani, swali la nini ni haki yake na nini ni hisani limeachwa wazi. Pengo hilo ndilo linalojazwa na basi la vijana wenye majembe.

Wenzetu wa mbali wamelipima jambo hili kwa namba. Baada ya kimbunga Mitch kuipiga Honduras mwaka 1998, vikundi vya makanisa kutoka Amerika Kaskazini vilisafiri kwenda kujenga nyumba. Kurt Ver Beek, mwanasosholojia Mkristo aliyeishi nchini humo, alilinganisha familia zilizojengewa na vikundi hivyo na zile zilizojengewa na mashirika ya Kikristo ya wenyeji. Hakuona tofauti ya maana katika maisha yao. Tofauti ilikuwa katika gharama: nyumba ilijengwa kwa takriban dola 2,000, wakati kikundi kilitumia takriban dola 30,000, nauli zikiwamo, kujenga nyumba moja. Umbali wa Magomeni hadi Mabwepande si wa kupanda ndege, na nauli ya basi si ya dola. Lakini fundi anayejua kuchanganya zege yupo kila mtaa wa Temeke, naye baada ya maafa huwa hana kazi. Fedha iliyokodi basi na kununua fulana ingeweza kumlipa yeye, akajenga kwa jirani zake, na mshahara ukabaki pale pale palipoharibika.

Kuna watakaosema kwamba safari hizo huwabadilisha vijana wenyewe, na kwamba hiyo peke yake ni faida. Sipingi. Kijana wa Masaki aliyelala usiku mmoja chini ya turubai hataitazama tena mvua kwa macho yale yale. Ila faida hiyo ni yake, na inafaa ihesabiwe upande wake wa daftari.

Kwa wanaojiandaa kwa safari ijayo, historia hii inadokeza mambo machache. Waulizeni kwanza waathirika na wajumbe wao wanahitaji nini, na kubalini jibu hata likiwa si kazi ya kupigia picha. Katika msafara wachukueni wanasheria, makarani, wapima ardhi na wauguzi mlio nao makanisani, kwa sababu ndio adimu. Rudini mwezi wa sita, wakati kamera zimekwisha kuondoka na madai ya fidia ndiyo yanaanza kuzungushwa. Wanaharakati, daftari kama lile la mzee ni ushahidi, nalo lina uzito mbele ya kamati na mahakama kuliko mabango. Watumishi wa umma, msaada wa hiari usitumike kuwa sababu ya kupunguza kile ambacho mwananchi anakidai kisheria, na orodha ya waathirika ibandikwe ukutani, wapangaji wakiwamo, kabla kiwanja cha kwanza hakijagawiwa.

Mvua za masika huja kila mwaka kati ya Machi na Mei. Katika mtaa wenu, ni nani anayetunza orodha ya wanaoishi bondeni, na je, wapangaji wameandikwa?