The Caves of Androzani

The Caves of Androzani ni hadithi ya sehemu nne ya Doctor Who, mfululizo wa televisheni wa bunilizi ya kisayansi kutoka Uingereza. Ilirushwa na BBC tarehe 8 hadi 16 Machi 1984. Mtunzi ni Robert Holmes na mwongozaji ni Graeme Harper.

Kisa

Daktari wa tano (Peter Davison) na mwenzake Peri (Nicola Bryant) wanagusa spectrox ghafi pangoni na kupata sumu inayoua. Dawa yake ni maziwa ya popo malkia. Daktari anayapata, lakini sehemu inamwagika na yanayobaki yanamtosha mtu mmoja tu. Anampa Peri.

Sababu ya kujitoa mhanga

Hapa shujaa haokoi ulimwengu, bali mtu mmoja aliyefahamiana naye karibuni na ambaye yeye mwenyewe amemfikisha hatarini. Neno lake la mwisho ni jina la Adric, kijana aliyesafiri naye na kufa katika hadithi ya Earthshock (1982), asiweze kumwokoa. Kwa hiyo huruma kwa Peri inaambatana na uchungu wa msiba wa zamani. Kisha anageuka kuwa Daktari wa sita (Colin Baker).

Mapokezi

Mwaka 2009 wasomaji wa jarida la Doctor Who Magazine waliipa nafasi ya kwanza kati ya hadithi 200.