Sumu Iliyofunua Siri ya Mwili

Msomaji, je, umepata kujiuliza ni nani auamuruye moyo wako upige usiku, nawe umelala fofofo? Au ni nani aipanuaye mboni ya jicho lako uingiapo gizani? Kazi hizo husimamiwa na mishipa ya fahamu isiyongoja amri yako. Njiani mishipa hiyo hukutana katika vifundo vidogo, na humo habari hupokewa na kupelekwa mbele, mfano wa wakimbiaji wapokezanao kijiti.

Mwaka 1889, huko Cambridge, Uingereza, John Newport Langley na mwenzake Dickinson walichovya brashi katika nikotini, sumu ya tumbaku, wakapaka kifundo kilichomo shingoni mwa mnyama. Kisha wakauchokoza mshipa kwa umeme kabla ya kifundo: mboni haikupanuka. Wakauchokoza mbele ya kifundo: ikapanuka. Basi ikadhihirika kwamba sumu haikuuharibu mshipa. Ilifunga njia kifundoni tu.

Kwa nini hapo tu? Mwaka 1905 Langley alitoa jibu, baada ya kuchunguza misuli ya kuku. Nikotini iliikaza misuli hata mishipa yake ya fahamu ilipokwisha kufa, na kurare, sumu ya mishale ya Amerika ya Kusini, ikaizuia. Akaamua kwamba katika seli yenyewe mna kitu kinachoipokea dawa. Leo twakiita kipokezi. Mwili hukiamsha kwa asetilikolini. Nikotini huiga kazi hiyo, kwanza ikiamsha, kisha, ikizidi, ikizuia.

Elimu hii haikubaki chuoni. Mwaka 1948 William Paton na Eleanor Zaimis walieleza habari za heksamethoniumu, dawa izuiayo vipokezi vya vifundoni. Wagonjwa wenye shinikizo kubwa la damu, ambao hapo awali tiba yao ilikuwa haba, wakapata nafuu. Lakini vipokezi hivyo vimo katika vifundo vya moyo, vya matumbo na vya macho pia. Kwa hiyo mgonjwa alikaukwa na kinywa, akafunga choo, na akisimama ghafula aliweza kuzirai. Dawa hiyo iliachwa zilipopatikana nyingine zenye kuchagua vizuri zaidi mahali pa kutenda kazi.

Yafaa ukumbuke jambo hili, msomaji: dawa haijui nia ya mganga. Hubisha hodi kila penye mlango wake, na hatujui itakalotenda mpaka tuijue milango yenyewe.