Mgao Bila Mtaji: Safari ya Zabuni za Barabara Jijini Nairobi

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, ambayo ndiyo inayoongoza namna Serikali ya Kenya inavyonunua bidhaa, huduma na kazi za ujenzi, inaitaka kila taasisi ya umma itenge angalau asilimia 30 ya thamani ya manunuzi yake ya kila mwaka wa fedha kwa ajili ya biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kiwango hicho kimezoeleka kiasi kwamba wengi hukichukulia kuwa zao la siasa za mwaka 2013 tu. Hata hivyo, swali linalojibiwa nacho, yaani ni nani anayestahili kulipwa fedha za umma kwa kuwajengea watu njia ya kupita, lina umri sawa na wa Nairobi yenyewe, na katika kila kipindi jibu lake limetegemea zaidi mtaji wa mwombaji na subira ya mkopeshaji wake kuliko haki iliyoandikwa kwenye karatasi.

Reli ya Uganda ilipofika Nairobi mwaka 1899, na mahali ambapo palikuwa kinamasi na malisho ya Wamaasai pakawa kituo na bohari, kandarasi za kazi hiyo zilikuwa zimekwisha kuonyesha sura ya soko ambalo lingedumu kwa miongo mingi. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara wa Karachi, ndiye aliyepewa sehemu kubwa ya kazi ya kuleta wafanyakazi kutoka Bara Hindi na kuwalisha, pamoja na baadhi ya kazi za kuchimba udongo na kupasua miamba; bustani inayoitwa kwa jina lake katikati ya jiji ni kumbukumbu ya utajiri huo. Jeevanjee hakupewa kandarasi kwa sababu serikali ya kikoloni iliwapenda Wahindi, kwani miaka michache baadaye yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopinga ubaguzi wa Wazungu dhidi yao, bali kwa sababu alikuwa na fedha za kutanguliza, na aliweza kugharimia maelfu ya watu kabla hati yake ya madai haijapita kwenye meza ya mhasibu.

Mwafrika hakuwa na njia ya kufikia hali hiyo. Idara ya Kazi za Umma ilimwajiri kama kibarua wa sururu na karai, vifaa vikubwa viliagizwa kupitia Mawakala wa Mfalme waliokuwa London, na sheria ya kikoloni kuhusu mikopo ilifanya deni la Mwafrika lililozidi kiasi kidogo lisiweze kudaiwa mahakamani isipokuwa liwe limeidhinishwa na ofisa wa serikali. Sheria hiyo ilitetewa kwa hoja kwamba ilimkinga Mwafrika asizame kwenye madeni, ilhali matokeo yake yalikuwa kwamba hakuna mwenye duka la vifaa wala mwenye benki aliyekuwa na sababu ya kumkopesha. Ramani ya jiji ilifuata mantiki iyo hiyo: Kilimani, Kileleshwa na Lavington, upande wa magharibi, vilikuwa vitongoji vya Wazungu vyenye barabara za lami na miti kandokando, Parklands ilikuwa ya Wahindi, na Waafrika waliwekwa mashariki, Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni, ambako hata barabara za kujengwa zilikuwa chache. Aliyezitengeneza barabara za magharibi kwa mikono yake hakuruhusiwa kuishi kandokando yazo ila kama mtumishi wa nyumbani, wala hakuwa na nafasi ya kuomba kandarasi ya kuzitengeneza.

Serikali ya uhuru ililitambua tatizo hili mapema. Waraka Nambari 10 wa Bunge wa mwaka 1965, uliozungumzia Usoshalisti wa Kiafrika na mipango ya maendeleo, ulisema wazi kwamba uchumi ulipaswa kuingia mikononi mwa Waafrika, na katika sekta ya ujenzi jitihada iliyofikiriwa kwa makini zaidi ilikuwa Shirika la Taifa la Ujenzi, lililoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Norway. Shirika hilo halikuwa chombo cha kugawa asilimia. Lilikusudiwa kuwafundisha wakandarasi wa Kiafrika namna ya kukadiria gharama na kusimamia kazi, kuwatafutia zabuni za serikali walizozimudu, na kuwapatia fedha za kuanzia kazi, yaani vile vitu vitatu ambavyo ukoloni ulikuwa umewanyima. Lilikufa katika miaka ya 1980 likiwa na madeni yasiyolipika, na kifo hicho mara nyingi hutajwa kama ushahidi kwamba msaada kwa wakandarasi wachanga haufai. Tafsiri hiyo ni ya haraka mno, kwa sababu taasisi iliyokopesha watu wasio na dhamana, katika nchi ambayo serikali yenyewe ilichelewa kuwalipa wakopaji hao, haikuwa na namna ya kubaki na vitabu safi. Isitoshe, tangu Tume ya Ndegwa ya mwaka 1971 ipendekeze watumishi wa umma waruhusiwe kufanya biashara, mstari kati ya mtoa zabuni na mpokea zabuni ulikuwa umekuwa mwembamba.

Fikra ya kutenga sehemu maalum ilirudi kwa nguvu ya Katiba ya mwaka 2010. Ibara ya 227 inadai ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa wazi, wa ushindani na usio wa hasara, lakini papo hapo inaruhusu sheria itoe upendeleo na kuwainua watu au makundi yaliyowahi kudhulumiwa na ushindani usio wa haki au ubaguzi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kiwango cha asilimia 10, na mwaka 2013, baada ya agizo la Rais Uhuru Kenyatta, kiwango kikapandishwa hadi asilimia 30 na mpango wa AGPO, yaani mpango wa kuyafungulia makundi hayo mlango wa zabuni za serikali, ukazinduliwa. Ili biashara ipate cheti kutoka Hazina ya Taifa, iliyoko Harambee Avenue, ni lazima angalau asilimia 70 ya wanachama wake watoke katika kundi husika na uongozi wake wote uwe wa kundi hilo. Ikikipata, inasamehewa dhamana ya zabuni, yaani fedha au hati ya benki ambayo mwombaji huweka ili kuthibitisha kwamba hatakimbia kazi, na badala yake inatia saini tamko tu.

Namna lengo lenyewe lilivyowekwa inastahili kutazamwa kwa utulivu. Nchini Marekani, ambako Bunge lilipitisha sheria iliyotaka angalau asilimia 10 ya fedha za barabara ziende kwa biashara ndogo za watu walionyimwa nafasi, sheria iliyotiwa saini Januari 1983, kanuni za mwaka 1999 zilizitaka mamlaka za uchukuzi zihesabu kwanza ni biashara ngapi za aina hiyo ziko tayari na zina uwezo wa kufanya kazi katika soko la mahali husika, ndipo ziweke lengo lao. Kenya ilichagua kiwango kimoja kwa taasisi zote, iwe inanunua karatasi au inajenga daraja, na kila taasisi hupeleka taarifa yake kila miezi sita. Uamuzi huo ulikuwa na faida ya kueleweka na kila mtu, ila uliruhusu lengo litimizwe pale lilipo rahisi: vitabu vya kuandikia, chakula cha mikutano, usafi wa ofisi, huku lami ikibaki kwa wenye greda na mitambo ya kushindilia. Kanuni zinaruhusu kazi kubwa igawanywe vipande vinavyomudika, kama mitaro, kalvati au njia za waenda kwa miguu, lakini ofisa anayefanya hivyo huogopa kushtakiwa kwa kosa la kuvunja zabuni ili kukwepa ushindani, na woga huo una msingi katika Sheria ya mwaka 2015 yenyewe.

Barabara za magharibi ya jiji zinaonyesha mpaka mwingine. Upanuzi wa Barabara ya Ngong ulianza kwa fedha za Japani na mkandarasi wa Kijapani, na Sheria hiyo ya mwaka 2015 inasema kwamba pale masharti ya makubaliano na nchi nyingine yanapogongana nayo, makubaliano ndiyo yanayotawala. Barabara ya mwendokasi ya kilomita 27.1 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022, ilijengwa na kampuni ya Kichina ya CRBC kwa fedha ilizozitafuta yenyewe, nayo hurejeshewa kwa ushuru wa magari. Kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya mwaka 2011 humtaka mkandarasi wa kigeni ampe mkandarasi wa Kenya, au afanye naye kwa ubia, angalau asilimia 30 ya thamani ya kazi, lakini Mkenya huyo anaweza kuwa kampuni kubwa ya siku nyingi. Uraia na unyonge katika soko ni vitu viwili tofauti.

Palipobaki kazi iliyogharimiwa na Serikali ya Kenya, tatizo likawa malipo. Madeni ambayo wakandarasi wa barabara waliidai Serikali yalilimbikizana hadi mwaka 2025 Serikali ikaamua kuweka rehani shilingi 7 za ushuru wa matengenezo ya barabara unaotozwa kwa kila lita ya mafuta, ili ipate takriban shilingi bilioni 175 za kuyapunguza. Kampuni kubwa zilikuwa zimevumilia kwa mikopo ya benki na kwa kazi za nchi jirani. Kikundi cha vijana kilichonunua saruji kwa deni hakikuwa na pa kuvumilia, kwani cheti chake hudumu miaka miwili tu, na mwanachama anayetimiza miaka 35 huku hati yake ya madai ikisubiri kulipwa hahesabiwi tena kuwa kijana.